Kuganda na Kugandisha: Historia ya Kuhifadhi Chembe Sahani za Damu na Neno Lililotutatiza

Katika kikao kimoja cha kupitia rasimu ya tafsiri, karatasi ya maelekezo ya hospitali iliyoletwa mbele yetu ilikuwa na sentensi hii: "Chembe zilizogandishwa zikishayeyushwa zichunguzwe kwa macho; zikiwa zimeganda zisitumike." Mfasiri alikuwa ameifanya kazi yake kwa uaminifu, wala hapakuwa na neno hata moja katika sentensi hiyo ambalo si Kiswahili fasaha. Lakini muuguzi mmoja aliyealikwa kutusaidia aliisoma mara mbili, akaiweka karatasi mezani, akauliza: "Ndugu Mwenyekiti, zimegandishwa, halafu zikiwa zimeganda tusizitumie. Sasa tutazitumia lini?" Kikao kilicheka, kisha kikanyamaza, kwani tulitambua kwamba swali lile halikuwa la mzaha. Mtu aliye zamu ya usiku, na mgonjwa anavuja damu mbele yake, hana nafasi ya kukaa kitako na kupima ni maana ipi ya neno iliyokusudiwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyojifunza kuzihifadhi chembe hizo katika baridi kali ili watiwe wagonjwa baadaye, na papo hapo kuonyesha kwa nini historia hiyo inalisumbua neno letu "ganda" kuliko historia nyingine yoyote tuijuayo. Tumeona ni vema kuzisimulia habari hizi mbili pamoja, maana istilahi ikitungwa pasipo kujua kitu chenyewe kilipitia wapi, aghalabu huja kukataliwa na wale wanaokishika kitu hicho kwa mikono yao.

Tuanze na neno. Mswahili husema damu imeganda, maziwa yameganda, mafuta ya nazi yameganda asubuhi ya kipupwe, na maji yameganda yakawa barafu. Husema pia mtoto amemganda mama yake, na tope limeganda kwenye kiatu. Katika matumizi yote hayo pana wazo moja: kitu kilichokuwa kinatembea kimesimama, kilichokuwa chepesi kimeshikamana. Kwa mtu wa pwani, aliyeona damu na samli vikiganda siku zote za maisha yake, barafu ilikuja baadaye, na jina lake likaja kwa njia ya bahari kutoka Kiajemi. Ilipokuja, kitenzi cha kuieleza kilikuwa tayari. Hatuoni aibu yoyote katika jambo hilo. Lugha nyingine nazo zimepita njia hiyo: Kilatini kilikuwa na kitenzi cha maji kuwa barafu ambacho wana wake wa leo hukitumia hata kwa damu inayoshikamana. Tatizo huzuka pale tu ambapo maana mbili za neno moja zinakutana katika mfuko mmoja wa plastiki.

Chembe zenyewe zilichelewa kujulikana kwa sababu ni ndogo mno. Upana wake ni kama mikroni 2 hadi 3, nazo hazina kiini. Max Schultze wa Ujerumani alizieleza mwaka 1865, na William Osler, tabibu kutoka Kanada aliyekuwa akisoma London, aliandika mwaka 1874 kwamba ndani ya mshipa huogelea moja moja, ila damu ikishatolewa hukusanyika makundi makundi. Lakini aliyezipa nafasi yake ni Mwitaliano Giulio Bizzozero wa Turin. Mwaka 1882 alitoa maelezo ya yale aliyoyaona kwa hadubini katika mishipa myembamba ya wanyama walio hai: ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, vitu hivi vidogo hufika kwanza, hushikamana pale penye jeraha, na bonge la damu huanzia hapo. Mwaka 1906 James Homer Wright wa Boston akaonyesha kwamba humeguka kutoka katika chembe kubwa sana zilizomo kwenye uboho wa mifupa.

Bizzozero alizipa jina lenye maana ya visahani vidogo, kwa kuwa zikiwa zimetulia zina umbo bapa la duara. Wajerumani, Wafaransa na Waingereza wakamfuata kila mmoja kwa lugha yake, na Waarabu nao wakachukua neno la vibamba vidogo. Sisi tumepata "chembe sahani", na wako wanaosema "chembe bapa". Lipo pia jina "vigandisha damu", ambalo lina sifa ya kumweleza mwanafunzi kazi ya kitu kabla hajafungua kitabu. Kwa somo la darasani halina ubaya. Lakini mfasiri akilichukua jina hilo mpaka kwenye mada yetu atajikuta anaandika "kugandisha vigandisha damu", na hapo tunaamini atakubaliana nasi kwamba "chembe sahani" ni jina la salama zaidi. Katika makala haya tutatumia hilo.

Faida ya kumtia mtu chembe hizi ilionekana mwaka 1910, pale William Duke alipoandika kutoka Boston juu ya wagonjwa waliokuwa wakivuja damu bila kukoma huku chembe sahani zao zikiwa chache mno. Walipotiwa damu mbichi ya mtu mzima wa afya, hesabu ya chembe ilipanda na damu ikakoma. Baada ya siku chache hesabu ilishuka, na hatari ikarudi. Ndani ya maelezo hayo mafupi mlikuwa na ugumu wote wa miaka iliyofuata. Chembe nyekundu huishi katika mwili kama siku 120, lakini chembe sahani huishi siku 8 hadi 10 tu, na nje ya mwili huchakaa upesi zaidi.

Ugumu wa pili ulikuwa chombo. Damu ya kuhifadhi iliwekwa katika chupa za kioo, na chembe sahani zikigusa kioo huganda pale pale kwenye ukuta wa chupa. Msomaji atakuwa ameiona maana ya tatu ya kitenzi chetu ikiingia mlangoni. Ilipopatikana mifuko ya plastiki, iliyoenea kuanzia miaka ya 1950, iliwezekana kuizungusha damu katika mashine, kuzitenga chembe sahani pamoja na sehemu ya plazima, na kuzipitisha kwenye mrija hadi mfuko mwingine bila kuzipoteza njiani. (Hapa kwetu mfuko umeshinda hospitalini lakini haujashinda katika lugha. Hata baada ya Tanzania kuanzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, watu wameendelea kuhesabu "chupa" za damu iliyochangwa, ingawa waliochanga hawakuona chupa yoyote. Hatupendekezi kulisahihisha neno hilo, haliumizi mtu.)

Haja ya chembe sahani ilikua pamoja na tiba ya saratani ya damu. Dawa zilizoanza kuwapa watoto matumaini ziliuathiri pia uboho, na wagonjwa wengi wakafa kwa kuvuja damu badala ya kufa kwa ugonjwa wenyewe. Mwaka 1962 Gaydos, Freireich na Mantel, wa taasisi ya saratani ya taifa ya Marekani huko Bethesda, walichapisha hesabu zilizoonyesha wazi kwamba kadiri chembe sahani zinavyopungua ndivyo siku za kuvuja damu zinavyoongezeka. Tangu hapo swali halikuwa tena kama zinafaa, bali zitawekwaje hata siku zitakapohitajika.

Jibu la kwanza lililomjia kila mtu lilikuwa jokofu. Chembe nyekundu zilikuwa zikikaa vizuri kwenye nyuzi 4 za sentigredi, na ilidhaniwa kuwa chembe sahani nazo zitakaa. Mwaka 1969 Scott Murphy na Frank Gardner walionyesha kinyume chake: zilizopozwa hutoweka upesi katika mzunguko wa damu ya mgonjwa, hali zile zilizowekwa kwenye nyuzi 22, yaani joto la chumba, hudumu zaidi. Baridi huzibadilisha hata umbo. Huacha kuwa bapa na kuwa tufe. Kwa maneno mengine, zikiingia jokofuni chembe sahani huacha kuwa sahani, jambo ambalo mtunga istilahi hana budi kulipokea kwa unyenyekevu. Tangu wakati huo desturi ya mabenki ya damu imekuwa kuziweka kati ya nyuzi 20 na 24 juu ya chombo kinachozitikisa polepole. Lakini joto linaloziburudisha chembe huziburudisha bakteria pia. Marekani iliruhusu siku 7 mwaka 1984, ikarudi kwenye siku 5 mwaka 1986 kwa sababu hiyo. Mji wenye wachangiaji wengi na barabara nzuri unaweza kuishi na siku 5; meli iliyoko baharini au hospitali iliyoko mbali haiwezi.

Basi ikabaki njia ya kuzifanya barafu. Maji yakigeuka barafu huwa na fuwele zenye ncha, na yasipogeuka yote, chumvi iliyobaki katika maji machache huwa kali na kuinyonya chembe maji yake. Vyote viwili huua. Ufunguo ulipatikana London mwaka 1949, na namna ulivyopatikana inastahili kusimuliwa mbele ya watu wanaoishi kwa kuandika majina ya vitu. Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kuhifadhi mbegu za kiume za jogoo kwa kutumia sukari ya matunda, bila mafanikio ya maana, mpaka siku moja chupa moja ikatoa matokeo ya ajabu. Walipochunguza wakakuta kwamba vibandiko vya chupa vilikuwa vimechanganyika, na kilichomo hakikuwa sukari bali gliserini. Gliserini huingia ndani ya chembe na kuizuia barafu isiiharibu. Mwaka uliofuata Smith alionyesha kwamba hulinda pia chembe nyekundu za damu. Hiyo ndiyo mara pekee tunayoikumbuka ambapo kibandiko kisicho sahihi kilileta heri, na tusingependa kuitegemea bahati hiyo wodini. Mwaka 1959 Lovelock na Bishop wakapata mlinzi mwingine, dimethili salfoksidi, anayepenya upesi kuliko gliserini.

Kwa upande wa chembe sahani, Klein na wenzake, akiwamo Sidney Farber wa Boston, walieleza mwaka 1956 kwamba chembe zilizowekwa katika hali ya barafu ziliweza kuzuia damu kwa wagonjwa waliopungukiwa. Isaac Djerassi na wenzake wakachanganya dimethili salfoksidi na sukari. Taarifa zao za 1963 na 1966 zilionyesha kwamba chembe zilizopita katika njia hiyo ziliweza kuzunguka tena katika damu ya binadamu. Mwaka 1978 Schiffer, Aisner na Wiernik walieleza matumizi yenye hekima sana. Wagonjwa wengine wa saratani ya damu, baada ya kutiwa chembe za watu mara nyingi, miili yao hujifunza kuzikataa zote. Matabibu hao waliwatoa wagonjwa chembe zao wenyewe wakati ugonjwa umetulia, wakaziweka katika baridi kali, na kuwarudishia wakati wa tiba iliyofuata. Mgonjwa alijiwekea akiba ya damu yake mwenyewe, kama mkulima anavyoweka mbegu.

Katika jeshi la majini la Marekani, C. Robert Valeri alilishughulikia swali hilo kwa miongo kadhaa. Taarifa yake ya 1974 ilipima uwezo wa chembe hizo kuzuia damu, na wala si siku zao za kuishi peke yake. Hapa tungependa wafasiri wakae kidogo. "Kudumu" ni jambo moja na "kufaa" ni jambo jingine. Chembe zilizotoka kwenye barafu ni chache kuliko zilizoingia, na hazikai muda mrefu katika mwili. Lakini ule msukosuko wa baridi huziacha zikiwa tayari kuanza kazi. Mwaka 1999 Khuri, Valeri na wenzao walieleza kwamba wagonjwa wa upasuaji wa moyo waliotiwa chembe za namna hiyo walipoteza damu kidogo kuliko waliotiwa zile za joto la chumba. Anayevuja damu sasa hivi hahitaji chembe ya kuishi siku 8. Anahitaji ya kufanya kazi saa hii. Ni kwa fikra hiyo hiyo kwamba hata jokofu, lililokataliwa mwaka 1969, limerudishwa kwa ajili ya wanaovuja damu: mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali kuwekwa kwenye baridi ya jokofu hadi siku 14, pale ambapo chembe za kawaida hazipatikani.

Walioitia njia ya barafu katika kazi za kila siku ni Waholanzi. Tangu mwaka 2001 jeshi lao limekuwa likichukua damu iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, zikiwamo chembe sahani, hadi Bosnia, Iraki na Afghanistani. Dimethili salfoksidi hutiwa kiasi cha sehemu 5 au 6 katika mia, kisha sehemu kubwa huondolewa kabla ya kuzipeleka barafuni, kwa njia ambayo Valeri na wenzake waliieleza mwaka 2005. Mfuko huweza kukaa miaka 2 badala ya siku 5. Ukihitajika, hutiwa katika maji ya nyuzi 37, chembe huchanganywa na plazima, na kwa muda usiofika saa moja huwa tayari, baada ya mtu kuutazama mfuko na kuhakikisha kwamba hamna mabonge.

Hapo ndipo tulipoanzia. Katika mfuko huo mmoja, "ganda" ya kwanza ndiyo iliyoziokoa chembe kwa miaka 2, na "ganda" ya pili ndiyo inayozifanya zitupwe. Wala tusisahau kwamba mgonjwa anatiwa chembe hizo ili damu yake igande. Mtu anaweza kudai kwamba muktadha utatosha. Muktadha hutosha kwa msomaji aliyetulia ambaye tayari anajua habari yenyewe, na maelekezo ya hospitali hayaandikwi kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Kati ya maana hizo, ipi iliachie neno? Tumeona ni bure kuinyang'anya damu kitenzi chake. Hakuna mama atakayeacha kusema damu imeganda kwa sababu Baraza limeamua. Lipo neno "vilia", lakini hilo ni la damu iliyokusanyika chini ya ngozi baada ya pigo, nasi twapenda libaki na kazi yake. Kwa hiyo ni barafu itakayotafuta neno jingine. Wengine wamependekeza "kubarafisha". Limeundwa kwa kanuni, ila masikioni mwetu lina sauti ya neno lililotungwa jana jioni. Wengine wanasema "kugandisha kwa baridi", ambalo ni sahihi na halina ubishi, isipokuwa kwamba watu wenye haraka hukata maneno ya nyuma. Baada ya mwezi mmoja "kwa baridi" itakuwa imeanguka, na tutarudi kwenye swali la muuguzi.

Sisi tunaelekea kwenye "kuzizimisha". Neno ni letu, linajulikana, na halijawahi kusemwa juu ya bonge la damu. Tungeligawa jambo hivi: chembe zinazowekwa jokofuni kwenye nyuzi 4 zimepozwa, zile za nyuzi 80 chini ya sifuri zimezizimishwa. "Kuyeyusha" tungeliacha lilivyo. Kweli wapo wasemao kuwa dawa fulani "huyeyusha" damu iliyoganda, lakini hiyo ni habari ya mshipa wa mgonjwa, na haitokei kwenye mfuko.

Pingamizi lipo, na tulilipata mapema. Mjumbe mmoja anayetoka Makete, ambako sakitu huunguza viazi, alitukumbusha kwamba maji ya mtungini yanazizima kila siku bila kuwa barafu, na kwamba kwao tofauti kati ya baridi na barafu si jambo la kamusi bali la shamba. Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha. Tulichoweza kufanya ni kuiandika sentensi upya na kumpa muuguzi aisome: "Chembe sahani zilizozizimishwa zikishayeyushwa zichunguzwe kwa macho, zikionekana zimefanya mabonge zisitumike." Aliisoma mara moja, akauliza kama mabonge ya ukubwa gani. Swali hilo lilikuwa la kitabibu, nasi tukalipeleka kwa waandishi wa karatasi. Neno "kuzizimisha" bado liko mezani, na waalimu, wafasiri na wauguzi walio na lililo bora wanaombwa walilete kabla orodha haijafungwa.